UIM ya kutoa au ya kujumlisha, limiti ndogo au ilingane na ile milioni: kwa wenye vani na malori huku Marekani

Wenye vani, boksi traki na semi huku Marekani, hasa nyie mliofungua kampuni juzi juzi, kabla hujaendelea kusoma nenda kachukue ile karatasi ya mbele ya bima yako ya biashara, wenyewe wanaiita deklaresheni, ina jina la kampuni na namba za magari na mistari ya pesa. Juu utaona dola 1,000,000, ndo ile mabroka wa mizigo wanataka waione kabla hawajakupa lodi. Haya shuka chini mistari miwili mitatu utafute herufi UM na UIM, yaani bima inayokulipa wewe ukigongwa na mtu asiye na bima au mwenye bima isiyotosha. Imeandikwa ngapi hapo? Wengi mtakuta 25,000 au 50,000, na wengine mtakuta mmeikataa kabisa na hamkumbuki kuikataa.

Ile milioni ni ya yule utakayemgonga wewe. Siku ukigongwa wewe, au dereva wako, na mtu mwenye bima kiduchu, kinachokuja kukusaidia ni ule mstari mdogo wa chini.

Mimi nilijua hivi kwa maumivu ndo maana nimekaa naandika. Niko Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, tunasambaza vifurushi na dawa, wakati huo nilikuwa na vani mbili tu na moja anaendesha mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Akagongwa kwa nyuma barabara ya I-285 asubuhi na gari dogo lililokuwa linakimbia, bega likaachia, pingili za shingo zikabidi zifanyiwe opresheni, bili ya hospitali peke yake ikapita laki moja ya dola. Aliyemgonga alikuwa na bima, bima halali kabisa ya Georgia, 25,000 kwa mtu mmoja. Kampuni yake ikalipa hiyo 25,000 haraka bila ubishi. Mimi nikapiga simu kwa kampuni yangu nikiwa na imani kabisa, nina bima ya milioni mimi. Adjasta, yule wa kampuni anayeshughulikia madai, akanijibu kwa upole tu kwamba UIM yangu ni 25,000 na ni ile ya kutoa, na kwa vile kampuni ya aliyemgonga imeshalipa 25,000 basi ishirini na tano toa ishirini na tano. Nilimwambia arudie. Akarudia, sifuri ile ile.

Sasa tuwekane sawa kwenye majina. UM ni pale aliyekugonga hana bima kabisa au kakimbia. UIM ni pale anayo ila haitoshi, na huko ndo kwenye ugomvi mwingi zaidi. Nyumbani tumezoea bima kubwa na thirdi pati basi, mtu akikwambia ana bima kubwa unajua huyo kamaliza, kwa hiyo tunakuja huku ajenti akisema fulu kava sisi tunasikia bima kubwa. Fulu kava ya huku ni ya bati, ni gari lako litengenezwe. Mwili wa dereva haumo mle.

Ya kutoa na ya kujumlisha

Hili ndo la kwanza kulinganisha kwa sababu wengi hata hawajui kuna aina mbili. UIM ya kutoa inachukua limiti yako (kile kiwango cha juu ambacho bima inaweza kulipa), inatoa alicholipa aliyekugonga, inakupa kinachobaki. Ya kujumlisha inakaa juu ya alicholipa yule, kwa hiyo limiti yako yote iko hai mpaka hasara yako iishe. Tuchukue hasara ya 180,000 (matibabu, mshahara uliopotea, maumivu), na aliyekugonga kalipa 25,000:

| Limiti yako ya UIM | Ya kutoa: jumla utakayopata | Ya kujumlisha: jumla utakayopata |
|---|---|---|
| 25,000 | 25,000 (UIM inalipa 0) | 50,000 |
| 100,000 | 100,000 (UIM inalipa 75,000) | 125,000 |
| 300,000 | 180,000 | 180,000 |
| 1,000,000 | 180,000 | 180,000 |

Angalia vizuri hiyo mistari ya chini. Ukishafika limiti kubwa aina inaacha kuwa na maana sana, wote wawili wanapata hasara yao yote. Aina inamuumiza yule wa limiti ndogo, na ndo sisi, kwa sababu sisi ndo tunaopenda ya bei rahisi. Kwa hiyo kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, mimi nasema panda limiti kwanza. Kama huwezi kupanda limiti, basi usikubali ya kutoa hata kwa bei ya bure.

Tatizo ni kwamba siyo kila jimbo linakupa uchaguzi, na kwa kawaida inayohesabiwa ni jimbo ambalo mkataba umeandikwa na gari linalala, siyo pale ajali ilipotokea. Georgia tangu tarehe 1 Januari 2009 ukikaa kimya unapewa ya kujumlisha, ya kutoa unaipata kwa kuichagua mwenyewe, kwenye fomu ile inaitwa "reduced", ukiliona hilo neno na kisanduku chake kimetikiwa simamisha kila kitu. Virginia nao wamehamia huko kwa mikataba ya kuanzia 1 Julai 2023, ya kujumlisha ndo ya kawaida na ya kutoa mpaka uombe. North Carolina wamefuta kutoa kwa mikataba ya kuanzia 1 Julai 2025. Minnesota ni ya kujumlisha siku nyingi. Texas sheria ilivyoandikwa ungeweza kudhani ni ya kutoa, ila Mahakama ya Juu ya Texas mwaka 1989 ikasema alicholipa aliyekugonga kinatolewa kwenye hasara yako halisi, hakitolewi kwenye limiti yako, na hapo ikawa sawa na kujumlisha.

Ohio, Illinois na California mpaka leo ni kutoa. Ndugu zangu wa Columbus hapa msikilize, kwa sababu nina jamaa kule wana malori na wote wana UIM ya 25/50, maana yake 25,000 kwa mtu mmoja na 50,000 kwa ajali nzima. Bima ya chini ya dereva wa Ohio nayo ni 25/50. Sasa ukigongwa peke yako na dereva wa Ohio mwenye bima halali, hata awe na ya chini kabisa, UIM yako haiwezi kukulipa hata senti, kwa hesabu yenyewe tu. Itakusaidia kama mmeumia wengi mkagawana ile 50,000 ya aliyewagonga, au kama aliyekugonga katoka jimbo la limiti ndogo zaidi, mfano Pennsylvania ambako ya chini ni 15/30, hapo utapata elfu kumi. Na hata kwenye kugawana huko palikuwa na ugomvi, makampuni yalitaka yatoe limiti nzima ya aliyekugonga hata kama wewe mkononi umepata kidogo, mpaka mahakama ya Ohio mwaka 2001 ikasema kinachotolewa ni kile mtu alichoweza kukipata kweli. Na usitegemee ajenti alazimike kukukumbusha, Ohio tangu mwaka huo huo wa 2001 kampuni halilazimiki hata kukupa ofa ya UIM, usipouliza imepita.

Limiti ndogo au ilingane na milioni

Kwa nini wengi tuna ndogo? Kwa sababu hakuna anayeidai. Serikali kuu kwa mzigo wa kawaida wa kuvuka majimbo na gari la zaidi ya ratili 10,000 inataka 750,000 ya kumlipa uliyemgonga, mabroka wanataka milioni, ila UIM hamna broka wala DOT (idara ya usafirishaji) atakayekuuliza. Ajenti naye anashindana bei na wenzake watano, kitu cha kwanza kukata ni kile ambacho mteja hatakiona mpaka siku ya ajali. Simlaumu sana, mimi pia niliuliza bei tu, sikuuliza kingine chochote.

Halafu kuna watu wanaamini ambrela yao, ile bima ya ziada, ya milioni mbili itashuka mpaka kwenye UIM. Kwa kawaida haishuki. Ambrela inakaa juu ya ile milioni ya kulipa watu wengine, UIM haimo mpaka iandikwe kwa maneno kwamba imo.

Sasa nani anahitaji kubwa? Hapa siwezi kusema kila mtu achukue milioni, inategemea nani anakaa kwenye kiti cha dereva. Kama wafanyakazi wako ni waajiriwa na una ile bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini, yenyewe italipa matibabu na sehemu ya mshahara, kama theluthi mbili hivi na ina kikomo chake cha wiki, ila maumivu na maisha yaliyoharibika hailipi. Hapo UIM ya kati inaweza kutosha, 100,000 mpaka 300,000, na ujue makampuni mengi yataandika kwamba alichokulipa bima ya kazini wao hawakilipi tena, huo nao ni ugomvi wa kawaida sana. Lakini Georgia inakulazimisha kuwa na hiyo bima ukifikisha wafanyakazi watatu. Chini ya hapo wengi hatuna. Na madereva wa 1099, wale wanaolipwa kama watu waliojiajiri, hawana kabisa. Na wewe mwenye kampuni unayeendesha mwenyewe mara nyingi umejitoa ili upunguze gharama. Kwa watu hawa UIM ndo bima pekee waliyonayo ya miili yao kama hawana bima ya afya ya maana, kwa hao ningesema ilingane na milioni au ikaribie, 500,000 isipungue. Kuna makampuni hayataki kukuuzia milioni ya UIM kwenye lori, watakwambia mwisho wao ni kadhaa, sawa, chukua huo mwisho wao.

Bei siwezi kukwambia kwa sababu kila jimbo na kila rekodi ya dereva ni tofauti. Fanya hivi, mwambie ajenti akupe bei tatu kwa maandishi kwa magari yale yale: UIM ya chini, UIM 300,000 na UIM ya milioni. Kwangu mimi tofauti kwa vani moja kwa mwaka ilikuwa chini ya bei ya matairi manne. Niliiangalia ile namba muda mrefu sana.

Limiti iliyogawanywa na limiti moja

100/300 maana yake 100,000 kila mtu, 300,000 kwa ajali. Limiti moja ya 300,000 haijali watu wangapi. Mkiwa watatu kwenye gari la kuhamisha vitu na mmoja ndo kaumia vibaya, hasara 400,000, ya kugawanywa inampa 100,000 na ile moja inampa 300,000 (kabla hujaanza kutoa kama jimbo lenu ni la kutoa). Mkiumia wote sawa sawa inakuja kitu kile kile. Kwa hiyo kwa namba inayofanana ya juu, limiti moja ni bora, ila ina ubaya wake, anayewahi kumaliza madai yake anaweza kuinywa yote na wenzake wakabaki na maji ya kuoshea. Kama unabeba wafanyakazi wengi kwenye gari moja usibane, panda namba.

Jina la mtu na jina la LLC

Hapa pana utata ambao umefika mahakamani mara nyingi na sisi tunaingia humo bila kujua, kwa sababu kila mtu anashauriwa fungua LLC, fungua LLC, yaani kampuni iliyo tofauti na wewe mwenyewe kisheria, na bima inaandikwa jina la LLC. Mkataba unasema unamlinda "wewe". Wewe ni nani? Kama mkataba una jina la mtu, yaani Juma mwenyewe, basi wewe ni Juma na familia yake wanaokaa nyumba moja, hata Juma akigongwa anavuka barabara kwa miguu. Kama mkataba una jina la kampuni, kampuni haina mguu wa kuvunjika, kwa hiyo anayelindwa ni yule tu aliye ndani ya gari lililotajwa, au anapanda, au anashuka.

Ohio walilivutana hili vibaya. Mwaka 1999 mahakama yao ya juu ikasema kwa vile kampuni haiwezi kuumia mwili, "wewe" lazima iwe na maana ya wafanyakazi wake, hata kama hawakuwa kazini na wako kwenye gari lao binafsi. Makampuni ya bima yakapigwa na kesi chungu nzima. Mwaka 2003 mahakama ile ile ikarudi nyuma ikasema hapana, mfanyakazi analindwa akiwa kazini tu. Kwa hiyo leo usijenge matumaini yako kwenye neno "wewe".

Sasa fikiria kazi zetu. Dereva wa vifurushi kwa siku anashuka labda mara mia. Kasimamisha vani, kachukua boksi, keshafika kwenye ngazi za nyumba, gari linapanda juu ya nyasi linamkumba. Je huyo alikuwa "anashuka"? Hatua ngapi kutoka kwenye gari ndo mtu keshashuka? Watu wanalipa mawakili wabishane hatua. Dawa yake kwa mwenye kampuni ipo, kuna nyongeza ya mkataba inaitwa Drive Other Car, namba yake kwenye fomu nyingi ni CA 99 10, unaandika majina ya watu, wewe na mkeo au mumeo, na UIM inakufuata hata ukiwa gari la kuazima au kwa miguu, ila hakikisha UIM imetikiwa kwenye hiyo nyongeza maana unaweza ukaipata bila UIM. Kama huna gari lingine binafsi lenye bima, yaani kila kitu umekiweka chini ya LLC, basi hiyo nyongeza kwako siyo ya kufikiria mara mbili.

Kuna namba ndogo nazo kwenye deklaresheni pembeni ya kila bima, zinaitwa simboli. Ukiona 2 kwenye UIM ni magari yote unayomiliki, 7 ni yale tu yaliyoandikwa kwenye orodha. Ukiwa na 7 ukanunua vani mpya, inaingia kama kampuni hiyo hiyo inalinda magari yako yote na umewaambia ndani ya siku 30, ukisahau ni juu yako. Gari la kukodi wakati lako liko gereji kwa kawaida linaingia badala ya lile lililokufa, ila zile vani za ziada tunazokodi Novemba na Desemba mizigo ikizidi, hizo hazichukui nafasi ya gari lolote, na UIM ya 2 au ya 7 haizioni. Uliza kabla msimu haujaanza.

Na nyie ambao lori ni lenu ila mnatembea kwa namba ya DOT ya kampuni nyingine, UIM inayokaa juu yenu ukiwa na mzigo ni ya kampuni ile, na mara nyingi wameiacha kwenye kiwango cha chini cha sheria kwa sababu wana malori mia mbili na wanapiga hesabu ya malori mia mbili. Ile bima yenu ndogo ya kutembea bila mzigo ina UIM yake pia ila ni ya wakati huo tu. Mkiwa mnasaini lisi (ule mkataba wa kuwakodishia lori lenu) ombeni deklaresheni yao. Wakikataa kuonyesha, hilo nalo ni jibu.

Saini iko wapi

Ugomvi mwingi wa limiti mwisho wake unakuja kwenye karatasi moja, ile fomu ya kuchagua au kukataa. Georgia kampuni inatakiwa ikupe UIM sawa na ile milioni yako isipokuwa wewe mwenyewe umechagua ndogo, na ikija kubishaniwa wao ndo wa kuonyesha kwamba ulichagua. Hii ni silaha kubwa kwa mteja. Kama fomu haipo, au kasaini mtu asiye na mamlaka kwenye kampuni, kuna uwezekano UIM ikasomwa kama milioni. Texas kukataa lazima iwe kwa maandishi, wakikosa maandishi UIM inahesabika ipo, ila inahesabika kwa kiwango cha chini cha sheria tu, sasa ona tofauti ya majimbo mawili kwa kosa moja. Ohio hakuna fomu ya kulazimisha tangu ile 2001, kwa hiyo mlango huo umefungwa, unachokiona kwenye deklaresheni ndo hicho.

Yangu mimi ilikuwepo. Tulibishana miezi kumi na moja na kampuni, wakili akaomba faili lote, fomu ikaletwa, nilikuwa nimesaini kwa simu saa nne usiku kwenye lundo la kurasa, visanduku vilikuja vimeshatikiwa, 25,000, ya kutoa, na chini jina langu. Nilisema sikuelezwa. Wakili akaniambia ukweli, saini ni yako na sheria inachukulia umesoma. Ikaishia hapo. Ndo maana narudia rudia suala la fomu, ukitumiwa link ya kusaini usiku usisaini, subiri asubuhi, fungua kurasa zote, tafuta hiyo moja. Na kama umeshasaini ya mwaka jana bado unaweza kumwandikia ajenti leo abadilishe, siyo lazima usubiri mkataba uishe.

Ukishagongwa

Hapa aina zote mbili za UIM zina mtego mmoja. Kampuni ya aliyekugonga itakupa hundi ya limiti yake na karatasi ya kusaini kwamba umemsamehe mteja wao kila kitu. Ukisaini hiyo bila kuwaambia wa UIM yako, umewaharibia haki yao ya kumdai yule mtu na wanaweza kukukatalia. Georgia kuna msamaha wa aina yake wenye kikomo, unamwachia yule mtu yeye binafsi ila unabakiza haki yako ya UIM, lazima iwe hiyo na siyo ya kawaida, na ukifungua kesi dhidi yake kampuni yako ya UIM nayo inatakiwa ipelekewe nakala ya kesi ndani ya muda, na muda wa majeraha ni miaka miwili. Kentucky, najua Louisville tuko wengi, unaitaarifu kampuni yako na wana siku 30 za kuamua kama wanakuruhusu uchukue au wanakulipa wao hiyo pesa ili wabaki na haki ya kumdai. Texas ni ngumu zaidi upande huu, mahakama yao mwaka 2006 ilisema kampuni haina deni la UIM mpaka kosa na kiasi cha hasara viamuliwe kwa hukumu, kwa hiyo hata kama limiti yako ni nzuri na ya kujumlisha, wakikataa kukubaliana unakwenda mpaka mwisho wa kesi ndo uanze kusema wamechelewa. Georgia angalau ukiwaandikia dai rasmi wana siku 60, na wakionekana walikataa kwa nia mbaya kuna adhabu na gharama za wakili juu yao.

Kama ungeniuliza mimi leo nichague kwa ajili yako: uko Georgia au Virginia, una vani moja mbili na unaendesha mwenyewe, chukua ya kujumlisha, 500,000 kwenda juu, limiti moja, na Drive Other Car yenye jina lako kama uko kwenye LLC. Uko Ohio au Illinois, aina hutachagua, usinunue ya 25/50 ukadhani umenunua kitu, nenda 300,000 au zaidi. Texas weka nguvu kwenye limiti na kwenye kutunza karatasi za hospitali toka siku ya kwanza kwa sababu utakuja kuthibitisha hasara yako mbele ya jaji. Una madereva kumi wenye bima ya kazini, 300,000 inaweza kukutosha na pesa iliyobaki ukaongeze kwingine, ila uulize swali la ile bima ya kazini kutolewa kwenye UIM kabla hujalipa.

Mdogo wangu saa hivi anaendesha tena. Mkono wa kulia anaunyanyua mpaka usawa wa bega, zaidi ya hapo hauendi, maboksi ya juu anashushiwa na mwenzake. Vani sasa ziko nne, zote zina 500,000 ya kujumlisha, na fomu tuliisoma pamoja mimi na yeye mezani, yeye ndo alikuwa anasoma kwa sauti.